Taa za motokari: kuona njia bila kumpofusha mwenzako



Mwezi huu tunajibu swali ambalo vijana wenye kusafirisha watu na vyakula kati ya Sandoa, Kasaji, Mutshatsha na Kolwezi wanauliza tena na tena. Wanasema hivi: "Taa za motokari yetu ni zaifu, usiku hatuoni kitu. Pa soko mmoja anatuambia tutie ampuli za wati 100, mwingine anasema LED ndiyo mwisho wa mambo. Tushike lipi?"

Swali hili si la mashofere peke yao. Ni la mama anayetembea kandokando ya njia na mihogo kichwani. Ni la mtu wa kinga anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala, bila taa mbele wala nyuma. Ni la mchimbaji anayerudi toka mashimo ya Kolwezi wakati giza imekwisha kuingia. Ni la kwaya inayotoka kwa mukesha, watoto mbele, wazee nyuma. Hawa wote hawana motokari, lakini uzima wao uko ndani ya taa ya mtu mwingine.

Na hapa kwetu usiku haungojei mtu. Kipwa ao masika, saa kumi na mbili inapopita kidogo tu, jua limekwisha kushuka. Toka Kolwezi mpaka Sandoa ni zaidi ya kilometa 300, na katika njia za udongo hakuna anayeweza kuapa kwamba atafika saa fulani. Daraja moja likiharibika, gurudumu moja likipasuka, safari ya mchana inageuka safari ya usiku. Kwa hiyo hata mtu anayesema, "Mimi sisafirigi usiku," anahitaji taa nzuri.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: msianze kwa kununua. Taa nzuri ni ile inayoweka mwangaza juu ya njia na pembeni ya kuume, fasi watu wanatembea, na inayoacha macho ya anayekuja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaomba maji, chokaa, bisibisi na saa mbili za fundi. Ampuli mpya inakuja nyuma.

Watu wa mine wanajua jambo hili

Chini ya udongo, pa Kipushi ao pa Kamoto, kila mfanyakazi anabeba taa yake juu ya kofia. Ukimwangalia mwenzako usoni na taa ikiwaka, unamuua macho; kwa dakika nzima haoni fasi ya kukanyaga. Ndiyo maana mtu wa mine mwenye adabu anainamisha kichwa ao anageukia pembeni anaposema na mwenzake. Hakuna aliyemfundisha kwa sheria nyingi. Anajua tu kwamba mwenzake akianguka, ni juu ya taa yake.

Tena, taa za motokari za zamani zilikuwa ndugu kabisa wa taa za mine. Motokari za miaka ya 1900 zilichoma gazi ya asetilini, inayotoka katika jiwe la karbidi likitiwa maji, sawa vile wachimbaji wa wakati ule walivyofanya. Mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac kule Marekani ilianza kuuza motokari zenye taa na kiwashio cha umeme. Mwaka wa 1962 watu wa Ulaya walileta ampuli ya halojeni, na mwaka wa 1971 ikaja ile tunayoijua sana, H4, yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: moja kwa taa fupi, ile mashofere wanaita kode, na moja kwa taa ndefu, ile wanaita fare. Xenoni ilianza mwaka wa 1991 katika BMW, na taa fupi za LED zilianza kutoka kiwandani mwaka wa 2007 katika Lexus.

Muone vizuri: kila mara nguvu ilipozidi, mafundi walihangaika na jambo lilelile la mtu wa mine, ni kusema namna ya kuangazia njia bila kumpiga mwenzako machoni.

Macho yako yanafika wapi?

Kabla ya kugusa taa, mujue hesabu hii. Mapatano ya Vienna ya mwaka wa 1968 juu ya mwenendo wa barabarani, ambayo inchi yetu iliingia mwaka wa 1977, yanaomba kwamba taa ndefu ziangazie njia angalau meta 100 mbele, na taa fupi angalau meta 40.

Sasa tuhesabu. Motokari inayokwenda kilometa 80 kwa saa inakula meta 22 kila segonde. Ukimwona mtu, segonde moja inapita mbele mguu wako haujafika kwa freni. Kisha freni yenyewe, juu ya lami kavu na magurudumu mazuri, inaomba karibu meta 36 tena. Jumla ni karibu meta 58. Kama kode yako inaonyesha meta 40 tu, umekwisha kumpita yule mtu, ao umekwisha kumgonga. Na juu ya udongo na mchanga freni inateleza, jumla inaweza kupita meta 80.

Kwa kilometa 50 kwa saa, juu ya njia ya udongo, unasimama ndani ya meta 40 hivi. Kwa hiyo shofere wa njia zetu akiwa na kode, asipite hiyo 50, hata taa zake zikiwa mpya kabisa. Hakuna ampuli itakayobadilisha hesabu hii. Mtu aliyevaa nguo nyeusi anaonekana karibu zaidi kuliko ukuta mweupe, na makala hayana mwangaza.

Jambo lingine: macho yanazeeka. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu sehemu moja kwa tatu ya mwangaza unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20. Tena mzee akipigwa na taa, macho yake yanakawia kurudi. Baba akisema, "Usiku huu sioni vizuri," asichekwe. Apewe nafasi ya kulala njiani, ao kijana ashike usukani.

1. Safisha kwanza

Kazi ya kwanza ni ya watoto wa nyumba: ndoo ya maji, sabuni, kitambaa laini. Mavumbi ya kipwa na potopoto ya masika yanakula mwangaza mwingi sana. Osha kioo cha taa, osha kioo cha mbele cha motokari inje na ndani pia. Ile mafuta na moshi inayoshika kioo upande wa ndani ndiyo inafanya taa ya mwenzako ienee kama wingu mbele ya macho yako.

Motokari nyingi za siku hizi zina taa zenye uso wa plastiki. Jua linauchoma, unakuwa wa manjano na kama wenye ukungu. Mwaka wa 2018 chama cha wenye motokari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hiyo na kuona kwamba zinatoa sehemu 20 tu kwa mia ya mwangaza wa taa mpya. Fikirini: mtu anakwenda kununua ampuli ya bei, na sehemu 80 zinazuiliwa na uso wa taa!

Dawa yake ni hii. Funika rangi ya motokari kwa skochi kuzunguka taa. Chukua karatasi ya msasa laini ya maji, namba 1000, kisha 2000, kisha 3000 ukiipata. Sugua polepole, maji yakimwagika wakati wote, mpaka manjano yaishe. Malizia na poda ya kung'arisha. Hata dawa ya meno inasaidia. Lakini mujue, plastiki iliyosuguliwa bila kupakwa kinga ya jua itarudi manjano kisha miezi kidogo. Ukiweza, upake vernisi inayokinga jua.

Kama taa yako ni ya kioo, sawa na zile za mviringo za Land Cruiser za zamani, angalia ndani. Ile sahani inayong'aa nyuma ya ampuli ikiwa imeota kutu ao imekuwa nyeusi, kusugua hakutasaidia. Taa nzima ibadilishwe.

2. Umeme unafika wote?

Hapa ndipo feza nyingi zinapotea bure. Taa za motokari ya zamani ni kama bomba la maji lililo na matundu: batri inatuma nguvu nzuri, lakini taa inapokea mabaki. Waya ni nyembamba, zimezeeka, zinapita kwa kiwashio cha usukani na kurudi mbele, na kila fasi ya kuunganisha ina kutu.

Mwambieni fundi wa umeme achukue voltimetre. Injini ikizunguka na taa zikiwaka, apime kwanza pa batri. Kisha apime pale pale nyuma ya ampuli. Batri ikiwa na volti 13,8 na ampuli ikipata volti 12,4, basi sehemu 10 kwa mia imepotea njiani. Utasema, "Sehemu 10 si kitu." Ni kitu kikubwa! Katika ampuli ya halojeni mwangaza unashuka haraka kushinda umeme. Ukipoteza sehemu 10 kwa mia ya volti, umepoteza karibu sehemu 30 kwa mia ya mwangaza. Ukipoteza 15, mwangaza unaopotea ni zaidi ya 40 kwa mia. Taa inakuwa nyekundu kama moto wa makala.

Dawa iko mbili. Ya kwanza ni masa, ile waya inayorudisha umeme kwa bodi ya motokari. Ifunguliwe, isuguliwe mpaka chuma king'ae, ifungwe tena kwa nguvu. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Ya pili ni rele. Rele ni kijisanduku kidogo chenye kufanya kazi ya mulinzi wa mulango. Kiwashio cha usukani kinamtumia neno tu, kwa waya nyembamba. Yeye ndiye anafungua mulango mkubwa, na umeme unakwenda moja kwa moja toka batri mpaka taa kwa waya nene, ya milimeta mraba 2,5 hivi. Fundi atie rele moja kwa kode na moja kwa fare, na kila njia iwe na fizible yake karibu na batri. Bila fizible, waya ikijikwaruza juu ya chuma, motokari inaungua. Kazi hii haiombi feza nyingi, na ampuli zako za zamani zitawaka kama mpya.

3. Zielekeze

Taa inayotazama mawingu inaangazia popo. Taa inayotazama chini sana inaangazia bampa. Kuzielekeza kunaomba ukuta tu, hata ukuta wa masomo.

Tafuteni fasi iliyo sawa. Magurudumu yawe na upepo wa kutosha, na motokari ibebe kile inachobebaga kila siku. Hilo mashofere wengi wanasahau: pikapu ikijaa magunia nyuma, pua yake inapanda, na kode inageuka fare. Anayekuja anakuwashia taa kwa hasira, wewe unasema, "Lakini mimi niko na kode!" Kweli uko na kode, lakini mzigo umeinua.

Sogeza motokari karibu na ukuta. Kwa chokaa, weka alama kwa urefu wa katikati ya kila taa. Rudisha motokari nyuma meta 10. Washa kode. Utaona juu ya ukuta mwangaza chini na giza juu, na kati yao mstari. Mstari ule ukae karibu sentimeta 10 chini ya alama zako. Nyuma ya taa ao pembeni yake kuna visikuru vya kuzungusha: kimoja cha juu na chini, kingine cha kuume na kushoto. Zungusha polepole, taa moja moja, nyingine ikiwa imefunikwa na nguo kwa muda mfupi.

4. Taa yako ilizaliwa inchi gani?

Sehemu hii muisome mara mbili, juu mafundi wengi hawaisemi.

Sisi Wakongo tunaendesha upande wa kuume. Zambia, Tanzania, Afrika ya Kusini na Japani wanaendesha upande wa kushoto. Na motokari ngapi hapa Lualaba zimetoka Japani, usukani ukiwa kuume? Kamiyo ngapi zinaingia pa Kasumbalesa toka inchi za kusini na mashariki?

Kode haikutengenezwa sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja mstari wake unabaki chini, ili usimpige anayekuja. Upande wa pili unapanda, ili uangazie pembeni ya njia, fasi watu wanatembea. Kwa taa ya inchi zinazoendesha kuume, mwangaza unapanda kuume. Kwa taa ya Japani, unapanda kushoto.

Basi motokari ya Japani ikija hapa na taa zake za kuzaliwa, inafanya mabaya mawili kwa mara moja. Inapandisha mwangaza kushoto, ndani ya macho ya anayekuja. Na inaacha giza kuume, fasi yule mama wa mihogo anapita. Ukitia ampuli za nguvu zaidi ndani ya taa kama hiyo, umezidisha mabaya yote mawili.

Namna ya kujua ni rahisi. Pale mbele ya ukuta, tazama mstari wa kode: unapanda upande gani? Ukipanda kuume, taa ni ya njia zetu. Ukipanda kushoto, ni ya ugeni.

Dawa ya kweli ni kubadilisha taa, na kutafuta zile za motokari yenye usukani kushoto. Kwa zile taa za mviringo kazi ni nyepesi, maana zinapatikana na zinaingia bila kukata kitu. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka za kuendesha kuume. Kama feza haijapatikana, kwa taa ya kioo chenye mistari munaweza kufanya kama wasafiri wanaovuka toka Uingereza kuingia Ufaransa: wanabandika skochi isiyopitisha mwangaza juu ya ile sehemu ya kioo inayopandisha mwangaza. Jaribuni mbele ya ukuta mpaka ule mpando wa kushoto upotee. Kwa taa za kisasa zenye uso laini, bandiko halifanyi kazi vizuri. Muzishushe kidogo na mupunguze mwendo mpaka mupate taa zinazofaa.

5. Sasa tununue ampuli gani?

Mukifanya yote hayo, wengi watashangaa kuona kwamba ampuli ya kawaida inatosha. H4 ya kawaida ya volti 12 ina wati 55 kwa kode na 60 kwa fare. Nunua mbili pamoja, za kampuni inayojulikana, na usishike kioo chake kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yanaivunja ikipata moto.

Na zile za wati 100? Gawanya wati kwa volti, utapata ampere. Mbili za wati 100 zinaomba karibu ampere 17 kwa batri ya volti 12, wakati zile za 60 zinaomba 10. Waya za zamani na kiwashio cha usukani havikutengenezwa kwa mzigo huo. Plagi inayeyuka, sahani inayong'aa inaungua, na siku moja taa zote mbili zinazimika katikati ya mteremko. Ulaya haziruhusiwi barabarani. Tuziache.

Kuna ampuli zenye wati zilezile, lakini zinatoa mwangaza zaidi kwa sababu uzi wake ni mwembamba na unawaka moto zaidi. Zinafanya kazi, lakini zinakufa upesi, na mashimo ya njia zetu yanazimaliza haraka zaidi. Zile zilizopakwa rangi ya buluu ni za kuuzia macho: ile rangi inazuia mwangaza, haiongezi.

Sasa LED. Taa nzima ya LED iliyotengenezwa toka mwanzo kuwa LED inaweza kuwa nzuri sana. Shida ni kutia ampuli ya LED ndani ya taa ya halojeni. Sahani inayong'aa ilihesabiwa kuzunguka uzi mwembamba ulio fasi moja tu. LED inawaka kwa fasi nyingine na kwa umbo lingine, kwa hiyo mwangaza unatawanyika. Shofere anaona weupe mwingi karibu na bampa, anafurahi. Lakini mbali haoni zaidi, na anayekuja anapofuka. Ni kwa sababu hiyo Ujerumani ilizikataza mpaka mwaka wa 2020, na toka hapo inaruhusu chache tu, kwa aina za motokari ambazo zilipimwa nazo. Tena nyingi zina feni ndogo nyuma, na mavumbi yetu yanaikaba. Ukizitia, rudi mbele ya ukuta: kama ule mstari wa kode umepotea, zitoe.

Na miwani ya manjano inayouzwa kwa kuendesha usiku? Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka wa 2019 haukuona kwamba inasaidia shofere kumwona mtu wa miguu. Lindeni feza yenu.

6. Taa za kuongeza, na mavumbi

Vijana wanapenda kufunga taa nne juu ya paa, kama motokari za Safari Rally ya Kenya. Mbio hizo zilianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi barabara hazikufungwa: watu, ng'ombe na mabasi waliendelea kupita. Ndiyo maana motokari nyingi zilikuwa na taa mbili pia juu ya mabega ya mbele, ili zionekane toka mbali ndani ya mavumbi. Hata wao walijua kwamba taa ni ya kuona na ya kuonekana.

Taa ya juu ya paa inaangazia boneti na kila punje ya vumbi mbele yako. Nyuma ya kamiyo wakati wa kipwa, fare inajenga ukuta mweupe. Kinachosaidia ni taa mbili za ukungu zilizofungwa chini, karibu na bampa, zenye mwangaza mpana na mfupi. Ziwe na rele na fizible zake. Na zaidi ya yote, kaa nyuma, acha vumbi lishuke. Usipite kitu usichokiona.

Mukikutana na motokari nyingine, shusha taa mapema, punguza mwendo, na uelekeze macho pembeni ya kuume ya njia, si ndani ya taa zake. Akikataa kushusha, usimlipize. Wapofu wawili barabarani hawamsaidii yule anayetembea kati yao.

7. Sisi tusio na motokari

Kazi hii si ya shofere peke yake. Kinga inaweza kuwa na kioo chekundu cha kurudisha mwangaza nyuma, na vipande vya karatasi ya kung'aa juu ya vyuma vya magurudumu. Vinauzwa bei ndogo, na vinaonekana mbali sana kushinda nguo nyeusi. Kwaya inayorudi usiku, wa mwisho wavae kitambaa cheupe, na watembee upande wa kushoto wa njia, ili waone motokari inayowakaribia. Kamiyo ikiharibika, matawi ya miti peke yake hayatoshi, maana majani hayarudishi mwangaza. Pembetatu nyekundu iwekwe mbali nyuma, na kama haiko, ndoo nyeupe ao gunia jeupe pamoja na yale matawi.

Vijana wa masomo, mungeweza kufanya hivi siku moja ya posho: alama za chokaa juu ya ukuta, ndoo za maji, fundi mmoja na voltimetre yake. Kila motokari na kila pikipiki ya mtaa ipite mbele ya ukuta. Kila kinga ipate kipande chake cha kung'aa. Nina hakika motokari nyingi zitarudi nyumbani zikiona mbali zaidi kushinda asubui, na hakuna aliyenunua ampuli moja.

Mkaaji wa Sandoa anayengoja mtu wake toka Kolwezi hawezi kutengeneza njia. Lakini anaweza kumwomba jambo moja kabla hajaondoka: "Baba, umezipima taa zako mbele ya ukuta, na mzigo ukiwa ndani?" Mumuulize hivyo kila safari.

Tuonane mwezi ujao. Safari njema.